Kibanja Kilichokatwa Vipande Vitatu

Bilele, Alhamisi alasiri

Mwanangu Koku,

Umetoka sasa hivi kwenda Kashai kusukwa, na yule msusi wako namjua, mdomo wake unafanya kazi kuliko vidole. Kwa hiyo nina saa nne nzima za kukuandikia kabla hujarudi ukilalamika kichwa kinauma. Nimefunga duka. Nimetundika kibao cha "Nimetoka" mlangoni, nami niko ndani, nyuma ya meza ya fremu, naandika kwa kalamu yako ile nyembamba ya lebo. Mvua inanyesha. Kuna mtu amegonga akachungulia kioo, akaniona nimekaa, nikamkazia macho mpaka akaona haya akaenda zake.

Mambo ya sabuni, ya kufua, ya kutotembea na simu mkononi kule Kampala, shangazi yako amekuimbia wiki nzima na kiitikio atakimalizia kesho stendi. Mimi nina neno moja tu, na nimelikalia miaka kumi na mmoja. Nisipoliandika leo utapanda basi, utavuka mpaka wa Mutukula, utaanza masomo yako ya kutengeneza kazi za sanaa zilizoharibika, na siku ya kwanza mwalimu atakuuliza, binti, nini kimekuleta hapa? Nawe utamsimulia ile picha ya kibanja cha Ta Elieza na mnunuzi aliyekikata. Utakuwa umesema uongo hujui, na uongo huo umeurithi kwangu.

Mnunuzi hakukata, Koku. Nilikata mimi.

Haya, nimeandika. Mkono ulitetemeka kidogo hapo, utaona wino. Sasa ngoja nirudi nyuma, maana unanijua, siwezi kumkabidhi mtu picha bila kumweleza ilikotoka.

Duka hili baba yako aliliacha likiwa la fremu tu. Yeye alikuwa seremala, mimi nilikuwa napokea wateja. Fremu za picha za harusi, fremu za vyeti, vioo, na picha za Yesu na za twiga zilizokuja zimechapwa tayari. Alipofariki nilikaa hapa mwaka mzima nauza fremu alizoziacha, na kila moja iliyotoka nilikuwa naiona inakwenda na yeye. Wewe ulikuwa unaanza darasa la kwanza. Ndipo siku moja akaingia mzee mmoja kutoka Izigo, ndiye huyu Ta Elieza wetu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, ana kitu amekizungusha kwapani. Akasema anataka fremu. Akakikunjua mezani.

Kilikuwa olubugo, kile kitambaa cha magome ya mti ambacho wazee wetu walikuwa wakikiponda kwa nyundo za mbao mpaka kinalainika. Baba yake alikuwa mpondaji. Na juu yake mzee huyu alikuwa amechora kwa masizi, kwa udongo mwekundu na kwa rangi ya nyumba iliyobaki kwenye makopo: mwanamke amesimama juu ya kichuguu katikati ya migomba, mkono ameunyoosha juu na simu, anatafuta mtandao.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka nikatafuta pa kukaa. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa kwa bibi yako Izigo, nimepanda juu ya kichuguu hivyo hivyo, nimenyoosha mkono hivyo hivyo, nasubiri hospitali inipigie habari za baba yako. Mzee huyu alikuwa hanijui, hakuwahi kuniona. Nilikuwa nimeuza fremu mia za picha za twiga na jua linalozama, na hakuna hata moja iliyowahi kunitazama mimi. Hii ilinitazama. Nililia mbele ya mteja, nikamwambia fremu simuuzii, ila picha yake nitaiuza mimi, na nyingine zote atakazochora.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii, kwa kulia. Sikuwa nimesoma chochote. Neno "sanaa ya leo" nililitoa redioni nikalitumia mpaka mate yakanikauka.

Na vita nilivipigana, mwanangu, hilo sitajinyima. Mji mzima unajua olubugo ni la kuzikia. Watu wazima waliingia dukani, wakaona ukutani, wakatoka kinyumenyume. Akina mama wa kanisani walisema Mama Koku siku hizi anauza sanda. Bibi yako mwenyewe alikaa miezi mitano hajakanyaga hapa, akija mjini anasimama ng'ambo ya barabara ananiita kwa mkono. Nilikwenda hotelini, nilikwenda maofisini, nimebeba vitambaa vimekunjwa kichwani na wewe nimekushika mkono. Walinzi wakauliza unauza mikeka? Nikasema nauza akili ya mtu. Wengine walinifukuza, wengine walinipa chai.

Makosa nayo yalianza mapema. La kwanza ulikuwa unalipenda, tulikuwa tunalicheka wote. Kuna wageni waliniambia picha ni nzuri lakini hazina mnyama. Basi mimi nikamfuata Ta Elieza nikamwambia, Ta, hebu weka twiga. Akaniuliza, "Twiga gani?" Nikasema wowote. Akaniuliza kama nimewahi kumwona twiga Izigo. Nikasema wateja hawajui. Mwezi uliofuata akaniletea twiga mdogo kama mbuzi, amefungwa kamba kwenye mgomba wa Ta Elieza, na majirani wamemzunguka wanamwuliza ametoka wapi. Ilinunuliwa siku hiyo hiyo, na mimi nikacheka, lakini nilikuwa nimesutwa. Nilipaswa kuelewa pale pale kwamba kazi yangu ni kusimama kati ya mzee na mlango, wateja wasimwambie cha kuchora, na badala yake nimekuwa wa kwanza kumwambia. Sikuelewa. Niliona mambo yanakwenda vizuri nikaongeza mwendo.

Mkewe, Ma Justa, alifariki mwaka wa tatu tangu tujuane. Miezi mingi hakuleta kitu. Aliporudi alikuja na bodaboda, kitambaa amekifunga nyuma kirefu mpaka dereva alikuwa anakwenda polepole kama amebeba mgonjwa. Tukakitundika. Kilianzia mlangoni kikaenda mpaka kwenye kona ya stoo. Kilikuwa kibanja chake chote. Kushoto njia ya kuingilia na mibuni. Katikati nyumba, na mlango wake uko wazi. Kulia, chini ya migomba, makaburi matatu meupe: la baba yake, la mama yake, na la Ma Justa, ambalo saruji yake ilikuwa bado mpya kuliko mengine, na hata hilo alilichora.

Nikawa natafuta misumari. Yeye akasema nyuma yangu, taratibu kama kawaida yake, na lile "waitu" lake la heshima: "Mama Koku, waitu, kabla ya kuchora nilikaa na ndugu zangu. Makaburi ni ya ukoo, siwezi kuyatoa nje ya kibanja bila wao. Wamekubali. Lakini wamesema kiende kwenye nyumba moja, kikae pamoja."

Wewe umezaliwa mjini lakini hili unalijua. Hakuna mtu wa kwetu anayeuza hata kona ya kibanja bila kuwaita wa ukoo wakae chini, kwa sababu waliozikwa humo hawana pa kuhamia. Yeye aliliheshimu hilo hata kwa kibanja cha rangi. Na aliniambia. Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, Koku: aliniambia, kwa mdomo wake, mimi nikiwa na msumari kati ya meno. Nikajibu ndiyo, ndiyo, Ta.

Jumamosi moja wakaja watu watatu kwa wakati mmoja. Mmoja mwenye hoteli wa hapa mjini, wa pili injinia aliyekuwa amepanga nyumba Kashai, wa tatu mama mmoja wa Mwanza, Bi Stela, aliyekuja harusini. Wote wakasimama mbele ya kibanja. Nilikuwa nimepigana miaka mitatu kumpata mtu mmoja asimame hivyo. Halafu mwenye hoteli akasema ukuta wake hautoshi. Injinia naye akasema wa kwake hautoshi. Bi Stela akasema yeye anarudi na meli, kitu kirefu namna hii atakibebaje. Mwenye hoteli akatania, "Ungetukatia vipande, tungechukua sasa hivi." Wakacheka.

Mimi sikucheka. Mimi nilipiga hesabu ya kuta. Niliona jina la Elieza wa Izigo kwenye nyumba tatu badala ya moja. Njaa haikuwa imetubana siku hizo, wala hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na kiburi tu, na kiburi hicho kilijivika nguo za kumtetea mzee. Nilikuwa nimemsemea kwa watu muda mrefu mpaka nikaona naweza kumwamulia.

Nikatoka, nikaingia kwa Fundi Salimu hapo jirani. Alikuwa anampima mtu kanzu. Nikamwomba mkasi mkubwa.

"Unakata nini?"

"Kitambaa."

"Cha nani?"

"Kiko dukani kwangu."

Akanitazama juu ya miwani, unaujua mtazamo wake. "Dada, hata mimi humu ndani kila kitambaa kiko dukani kwangu," akasema. Lakini mkasi akanipa, kwa sababu ni mtu wa adabu.

Olubugo halitoi sauti ya kuchanika. Linakatika kimya. Nilipita kwanza kati ya mibuni na nyumba, halafu kati ya nyumba na makaburi. Bi Stela akapata upande wa kulia, akafurahi, akasema, "Haya mabenchi meupe yananituliza." Nilijua si mabenchi. Nilikuwa nimekwenda kumzika Ma Justa kwa miguu yangu. Nikatabasamu nikamwambia, "Sanaa ya leo kila mtu anaiona kwa namna yake." Maneno matamu kabisa, nimewahi kuyasema tena kwenye semina. Siku hiyo yalikuwa kifuniko.

Wiki mbili baadaye alikuja Ta Elieza na kaka zake wawili, wamevaa makoti ya Jumapili. Walikuja kukiaga kibanja kabla hakijapata nyumba. Hiyo siku unaikumbuka, najua, maana wewe ndiye uliyekuwa umeshika kisahani cha kahawa ya kutafuna. Ulikuwa na miaka kumi, umepiga goti kama bibi yako alivyokufundisha. Ta Elieza akachukua punje mbili. Akageuka kutazama ukuta.

Ukuta ulikuwa mtupu, imebaki misumari yangu tu.

Akauliza kiko wapi. Nikamwambia kimenunuliwa. Nani? Nikasema watu watatu. Akarudia, polepole, "Watu watatu?" Ndipo nikafungua mdomo wangu huu nikasema kuna mama wa Mwanza alikitaka kipande, alikuwa na haraka ya meli, akakikata mwenyewe, sikuwahi kumzuia. Yaani nilimsingizia mtu ambaye hakuwa amenikosea chochote, aliyelipa akaondoka akiwa amefurahi.

Ta Elieza akasema, "Makaburi amechukua nani?"

Nikasema ni huyo huyo wa Mwanza. Hakunifokea. Alizirudisha zile punje mbili kwenye kisahani chako, moja baada ya nyingine, akaweka mkono kichwani pako, akatoka. Kaka zake hata hawakuwa wamekaa. Wewe ulibaki umepiga goti unatazama kisahani, ukaniuliza, "Mama, kwa nini ameirudisha?" Nikakwambia amekasirika na yule mama wa Mwanza.

Miaka kumi na mmoja hakuniletea kitu. Sikuletewa mimi wala mtu mwingine yeyote. Nilisikia kwamba makopo ya rangi ameyapandia vitunguu. Duka likakua, hilo umeliona. Wakaja vijana kutoka Muleba, kutoka hapa mjini, hata wale wawili wa Kashai wanaochora kwa mafuta ya pikipiki, na wote nimewapigania kama nilivyompigania yeye. Siku hizi naitwa mama wa wasanii. Kila nikiitwa hivyo mbele za watu natabasamu, halafu naenda kujifungia chooni.

Kitu kimoja nilichojifunza nilikifanya kimya kimya, kama mtu anayelipa kosa kwa mlango wa nyuma. Nilianza lebo. Kila kazi inayotoka hapa nyuma yake ina lebo: nani amechora, wapi, na imepita mikononi mwa nani. Kabla ya hapo nilikuwa naandika jina tu. Nilikufundisha ukiwa na miaka kumi na miwili, na siku ulipoandika "haijulikani" kwa uvivu wa kumpigia mtu simu, nilikufokea mpaka Fundi Salimu akaja kuuliza kuna nini. Nilikwambia lebo haidanganyi hata kama inaaibisha. Ulinisikia vizuri mno, mwanangu.

Maana miaka miwili iliyopita ulikwenda kupamba harusi pale hotelini, ukarudi unahema: umeona mibuni ya Ta Elieza kwenye korido, karibu na vyoo. Ukasema utakirudisha kibanja chote. Mimi nikasema haiwezekani. Nilisema hivyo mara nyingi, na kwa sauti ya mtu anayekuhurumia, kumbe nilikuwa najihurumia. Hukujali. Mwenye hoteli ulimpelekea picha mpya ya wale vijana akabadilishana nawe. Injinia alikuwa amekwishahama, ukaitafuta nyumba aliyopanga, ukakuta nyumba ya Ta Elieza imekuwa pazia la dirisha la jikoni, na mwenye nyumba akashangaa unalilia pazia, akakuachia.

Ukabaki Bi Stela. Namba yake uliipata kwa watu wa ile harusi ya zamani. Siku unampigia ulitoka uani, na nilikusikia unavyoanza, kavu kabisa, kama karani anayedai. Halafu ukasikiliza muda mrefu. Ulirudi ndani ukasema tu, "Atakituma na meli. Hakujua kwamba ni makaburi, ameomba radhi." Ukaingia chumbani. Nilitaka kukuuliza amesema nini kingine. Sikuuliza, kwa sababu niliogopa utanijibu.

Kipande kilifika kimefungwa kwenye shuka safi. Ukaanza kushona. Ulikwenda Izigo kwa mmoja wa kaka zake Ta Elieza mara nne kujifunza mshono, namna wapondaji walivyokuwa wakiziba matundu ya magome, kiraka kinaonekana na hakuna anayekionea haya. Fundi Salimu akakupa sindano zake nene. Mimi nilikuwa napita nyuma yako na chai, natazama uzi unavyopita pale pale mkasi wangu ulipopita, na mara mbili nilikuuliza tu kama chai imekolea sukari.

Sasa Jumamosi iliyopita. Hukuniambia kwamba umemwalika. Ulipanda bodaboda ukamfuata mwenyewe, ukaniambia baadaye kwa shingo upande: "Ta Elieza atakuja kuniaga." Nilipika ndizi nikaziunguza. Aliingia na fimbo, nywele zimekuwa nyeupe kabisa, shati bado limefungwa mpaka shingoni. Akasimama mbele ya kibanja. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kwanza, akapitisha kwenye wa pili. Halafu akavaa miwani akainua kona ya chini, akageuza, akatazama upande wa nyuma. Alitazama sana. Nikafikiri ni kawaida ya mtoto wa mpondaji kukagua mshono.

Wewe ulikuwa jikoni na shangazi yako mnapakua. Nilichukua kile kisahani mwenyewe, nikapiga goti, na goti langu hili, unajua linavyolia. Nikamwekea kahawa mbele yake. Hakuchukua. Aliweka mikono juu ya fimbo, akanitazama, akasubiri. Sikujua anasubiri nini. Nilijua tu kwamba nikiinuka bila kusema sitasema tena katika maisha haya.

Nikasema, "Ta Elieza, yule mama wa Mwanza hakukata. Ulinipa sharti nikiwa na msumari mdomoni, nikaitikia, nikakata kwa mkasi wa Fundi Salimu. Halafu nikakudanganya mbele ya kaka zako na mbele ya mwanangu. Nakuomba radhi."

Akasema, "Umechelewa, waitu."

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Kaka yangu mkubwa amekufa akiwa na hasira na mtu wa Mwanza."

Hapo nilishindwa, Koku. Nililia pale sakafuni kama siku ile ya kwanza. Yeye akachukua tunda moja la kahawa, akalipasua kwa kucha, akala punje moja, na ile ya pili akaniwekea mkononi, kama wazee wetu walivyofanya wakipatana. Nikatafuna na machozi yangu. Mlipoingia na sahani tulikuwa tunatafuna, na wewe ukatutazama, ukatazama kisahani, ukaanza kugawa ndizi zilizoungua. Wakati wa kuondoka ndipo aliponiuliza, kana kwamba amesahau mwavuli, kama bado nauza ile rangi nyeusi ya makopo madogo. Nilimpa makopo sita. Fundi Salimu alinisaidia kuyabeba mpaka barabarani.

Tangu siku hiyo nalala. Nalala usiku mzima bila kugeuka, umri huu. Shangazi yako anasema nimenenepa uso kwa siku tano. Nilikuwa sijui kwamba kifua changu kimebanwa mpaka kilipoachiwa. Nilidhani ndivyo mtu anavyopumua akizeeka. Nilibaki na wewe tu. Kila siku nimesema nitakwambia jioni, na kila jioni umekuwa unakunja nguo unaimba, nami nimesema acha aimbe. Ndiyo maana nimeandika.

Sikuandikii ili unipoze. Ukikasirika, kasirika, ukae na hasira yako Kampala mpaka ikuishe, mimi nitakuwepo. Nilitaka tu ujue kwamba kule utakutana na watu wanaopenda kazi za wengine kama mimi ninavyozipenda, watu wazuri, wanaolia mbele ya picha, na siku moja utakuwa wewe. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeweza kukata bila mkono kutetemeka, kwa sababu ana hakika anafanya wema. Mimi mkono haukutetemeka hata kidogo. Umetetemeka leo.

Nasimama kidogo. Ta Elieza anapitia kibanja kesho baada ya basi lako kuondoka, kinarudi Izigo, wajukuu wamekwisha kumtengea ukuta. Ngoja nikakishushe nikikunje vizuri, halafu nitamalizia.

Nimerudi. Nimekaa hapa sijui muda gani, mvua imekatika.

Nimekishusha kibanja nikakilaza mezani, nikakigeuza ili nianze kukunja kwa nyuma. Kwenye kona ya chini kuna lebo. Sikuwahi kuiona. Ni mwandiko wako, wino huu huu ninaoandikia, na umefifia, kwa hiyo umeandika siku nyingi:

"Kibanja. Kimechorwa na Elieza, Izigo. Kimekatwa na Mama, Bilele. Kimeshonwa na Koku, Bilele."

Ulijua. Tangu simu ya Bi Stela ulijua, na umekula nami miaka miwili, umenipaka dawa ya goti, umeshona mbele yangu, na hukunisimamia kichwani hata siku moja. Na Ta Elieza alisoma. Alipoinua ile kona na miwani yake alisoma, akarudi kukaa, akaweka mikono juu ya fimbo akanisubiri. Wote wawili mlikuwa mnanisubiri nami nilidhani nawaficha.

Nimewaza kuichana barua hii, maana haina habari mpya kwako. Nimeona hapana, naiweka kwenye begi lako chini ya sweta ya bluu, kwa sababu kwenye lebo umeniandika wewe, na nilitaka pawepo mahali ambapo nimejiandika mwenyewe.

Lebo nimeiacha ilivyo, itakwenda Izigo pamoja na kibanja. Sijafuta neno. Nikisoma majina yale matatu yamefuatana, naona umenipanga katikati yenu, hukuniacha nje.

Nasikia geti. Umerudi mapema, msusi leo ameamua kufanya kazi. Kesho stendi nitakuja na kile kisahani, mbele ya kondakta na abiria wote, shangazi yako ataona aibu atatembea upande wa pili. Nitakuwa nimeweka tunda moja tu. Lipasue mwenyewe, mwanangu, na unipe punje yangu.

Mama yako,
aliyekata.